UZI: Mvukuto, mnyama anayelala miaka saba chini ya ziwa lililokauka. Tumpime kwa hesabu

#1 Mfinyanzi

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikiandika hadithi ndefu inayotokea kwenye uwanda mmoja mkubwa, bapa kama sinia. Mvua kubwa hufika pale mara moja katika miaka mitano, sita, wakati mwingine saba. Ikifika, uwanda unageuka ziwa la maji ya kiunoni kwa miezi mitatu hivi, kisha jua linayanywa yote na ardhi inapasuka vipande vipande. Ni ulimwengu wa kubuni, hauna ramani mnayoijua. Ndani yake nilitaka mnyama mkubwa.

Mara ya kwanza nilimchora kama tunavyowachora wote: pembe, meno ya kutisha, macho mekundu. Nikamsimamisha katikati ya uwanda. Halafu nikajiuliza swali dogo: huyu leo amekula nini? Hakuna jani, hakuna swala, hakuna hata mende. Mnyama wa tani moja ananguruma pale miaka sita mfululizo kwa chakula kipi? Nilifuta pembe, nikafuta meno, nikaanza upya kutokea tumboni.

Nimemwita mvukuto, kwa sababu anayelala usiku juu ya uwanda huo akiweka sikio chini husikia kama mvukuto wa mhunzi: hewa inavutwa polepole, inakatika, inaachiwa. Kisha kimya kirefu. Kisha tena.

Mwili wake ni kama pipa. Miguu minne mifupi yenye makucha mapana ya kuchimbia, kama ya muhanga. Mkia mnene, ghala la mafuta. Kichwa bapa, mdomo mpana usio na meno bali safu za vichujio. Akishiba ana kilo 1,000. Maisha yake yote ni mawili tu: miezi mitatu ya kula kwa pupa, na miaka ya kulala mita 3 chini ya tope lililokauka.

Kielelezo changu ni kamongo, samaki mwenye mapafu. Maji yakikauka anajichimbia kwenye tope, anajikunja, anatoa ute unaokauka na kumfunika kama bahasha, anaacha tundu jembamba la hewa na anangoja, pengine kwa miaka. Je, jambo hilo linawezekana kwa mnyama wa tani moja? Nilidhani haliwezekani. Hesabu ilinishangaza.

Mwanasayansi Max Kleiber alionyesha mwaka 1932 kwamba matumizi ya nishati ya mnyama hayapandi sambamba na uzito wake. Yanafuata uzito uliopandishwa kwa kipeo cha robo tatu. Kwa wanyama wa damu moto, chukua 70, zidisha kwa kilo zilizopandishwa hivyo, unapata kilokalori za siku moja ya mapumziko. Kwa kilo 1,000 ni takribani 12,400. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9. Basi mvukuto wa damu moto angechoma karibu kilo 1.4 za mafuta kwa siku, zaidi ya kilo 500 kwa mwaka. Mwaka wa pili usingeisha kabla hajawa mifupa.

Sasa mfanye wa damu baridi. Mtambaazi hutumia takribani moja ya kumi ya anachotumia mnyama wa damu moto mwenye uzito huo huo. Tumeshuka hadi 1,250. Vyura wanaolala ardhini wakati wa kiangazi hushusha tena hadi robo au moja ya tano. Nimechukua moja ya tano: kilokalori 250 kwa siku. Hizo ni gramu 28 za mafuta, vijiko viwili vya chakula. Kwa mwaka ni kilo 10. Kwa miaka saba ni kilo 70 na kitu. Mkia unatosha kubeba mzigo huo.

Na maji? Gramu moja ya mafuta ikichomwa mwilini huzaa maji zaidi kidogo ya gramu moja. Kwa hiyo gramu 28 za mafuta zinampa gramu 30 za maji kila siku. Anapoteza kiasi gani kwa kupumua? Kilokalori 250 zinahitaji lita 53 hivi za oksijeni. Akiweza kunyonya robo ya oksijeni iliyomo katika hewa, anahitaji lita 1,000 na ushee za hewa kwa siku. Hewa ya nyuzi 25 iliyojaa unyevu hubeba gramu 23 za maji kwa kila lita 1,000. Anaingiza 30, anatoa 23 au 24. Nilirudia hesabu hii mara tatu usiku ule, maana sikuamini inafunga.

Pumzi moja ya mnyama wa ukubwa huo nimeikadiria lita 40. Hiyo ni pumzi 26 kwa siku, karibu moja kila saa. Ndiyo ile sauti ya mvukuto.

Karibuni mumbomoe. Nataka avunjike hapa, asije akavunjika kitabuni.

#2 Jani Kavu

Nimetandika mkeka. Endelea kushusha, mkuu.

#3 Kobe Mzee

Mkuu Mfinyanzi, kazi nzuri, ila umeruka mtaro mmoja. Mnyama wa damu baridi wa tani moja, yuko mita 3 chini, hajaguswa na jua miaka saba. Mvua inafika, tope linapoa. Mamba mdogo akipoa anajivuta tu hadi kwenye jua. Huyu wako atapata wapi nguvu za kupasua ardhi na kutoka? Na misuli yake itakuwa bado ipo? Mtu akilala kitandani mwezi mmoja tu, miguu inalegea.

#4 Mfinyanzi

Mzee wangu, umenigusa palepale nilipokuwa nakwepa.

Kuhusu joto, "damu baridi" si ukuta. Kasa ngozi huogelea kwenye bahari za baridi huku mwili wake ukiwa na joto kuliko maji, kwa sababu ni mkubwa, ana mafuta, na mishipa yake imepangwa ili damu inayotoka ndani iipashe moto ile inayorudi kutoka kwenye viungo. Chatu jike hujizungusha juu ya mayai yake na kutetemesha misuli hadi mayai yapate joto. Nimeazima vyote viwili. Mvukuto anapoamka hatoki mara moja. Anatetemeka siku tatu nne chini kwa chini. Kupandisha kilo 1,000 za mwili kwa nyuzi 8 kunahitaji kilokalori 6,600 hivi, yaani chini ya kilo moja ya mafuta. Hata ukiongeza joto linalopotelea kwenye tope, si gharama ya kumuua.

Kwa watu wa uwanda huo, tetemeko hilo ndilo kalenda. Maji kwenye mitungi huanza kufanya viduara kabla mnyama hajaonekana.

Misuli: dubu hulala hadi nusu mwaka na kuamka akiwa amepoteza misuli kidogo sana, na sababu mojawapo ni kwamba hakojoi, urea (taka ya mkojo) anairudisha mwilini na naitrojeni yake inajengea protini upya. Kamongo naye hulimbikiza urea akiwa usingizini. Nimempa mvukuto njia ya dubu. Hata hivyo sikutaka aamke mzima kabisa. Wiki ya kwanza ni dhaifu, anatambaa, na hapo ndipo anapouawa kwa wingi.

#5 Pumzi Moja

Mimi ni mpiga mbizi, kwa hiyo nitasema juu ya lile tundu la hewa tu.

Wanaoanza hufikiri bomba la kupumulia likiwa refu na pana ndiyo bora. Ni kinyume. Hewa uliyoitoa hubaki ndani ya bomba, na ukivuta tena unaanza kwa kuirudisha ileile chafu. Bomba likibeba hewa nyingi kuliko pumzi yako, unavuta na kutoa vizuri kabisa huku unakufa.

Mnyama wako yuko mita 3 chini. Tundu likiwa na upana wa sentimita 15 linabeba lita 53. Pumzi yake ni lita 40. Hatapata hewa mpya hata tone. Lazima tundu liwe jembamba: upana wa sentimita 5 linabeba lita 6 tu, anapata lita 34 safi kwa kila pumzi. Lakini sasa pumzi 26 hazitoshi, zinakuwa 30 au 31. Rekebisha: anapumua kila dakika 47, si kila saa.

Jambo la pili ni uzito. Mita 3 za udongo juu ya kifua. Chini ya maji, hata mita moja inatosha kumshinda mtu kupanua mbavu kupitia bomba. Kifua chake kinapanuka vipi?

#6 Mfinyanzi

Dakika 47. Nimebadilisha tayari. Asante sana, hili nisingelijua maishani.

Kifua: hafukiwi na udongo, analala ndani ya chumba. Anapochimba, tope bado bichi, anazunguka na kuzunguka akilisukuma kwa mgongo na mkia hadi linashikamana, na anapaka ute. Likikauka linakuwa kuba, duara kama ganda la yai, na uzito wa juu unashuka pembeni badala ya kumkalia. Ndani anabaki na nafasi ya kiganja kimoja pande zote.

Tena wembamba wa tundu umenipa zawadi. Pua ya ngamia hupoza hewa inayotoka ili unyevu ubaki ndani. Tundu refu jembamba lenye kuta za udongo litafanya kazi hiyo hiyo: usiku sehemu ya juu ikipoa, mvuke unagandia ukutani, na pumzi inayofuata inaurudisha. Zile gramu 23 zitapungua. Anayepita alfajiri ataona pete ya unyevu kwenye mdomo wa tundu, na vidudu vimekusanyika kunywa.

#7 Cheche

Wakuu, anatoa moto? Maana tope la ziwa lina gesi inayowaka. Tundu jembamba, radi inapiga, mnaona picha ninayoiona?

#8 Mfinyanzi

Ndugu Cheche, nimeliwaza kwa moyo mkunjufu, nikaliacha. Gesi inayowaka kwenye tope hutengenezwa na vijidudu mahali pasipo na oksijeni. Chumba chake kina oksijeni, la sivyo yeye hayuko hai. Na tumbo lake usingizini ni tupu, hachachushi kitu.

Kama unataka kiumbe anayerusha kitu cha moto kweli, mtazame mbawakawa bombadia: ana mifuko miwili, mmoja una hidrokwinoni na peroksidi ya hidrojeni, mwingine una vimeng'enya, vikikutana vinachemka na kurushwa kwa joto linalokaribia nyuzi 100. Hiyo ni silaha ya mnyama mwenye chakula kila siku. Mvukuto anahesabu mafuta kwa vijiko.

#9 Bi Kereng'ende

Mwanangu Mfinyanzi, nimefuatilia toka mwanzo. Nina swali ambalo naona kila mtu amelipita. Nani anamwambia kwamba mvua imefika? Si mvua yoyote. Mvua ya kweli.

Kuna vyura wa jangwani wanaoamshwa na mtikisiko wa radi na matone kabla hata maji hayajawafikia. Wao ni wadogo, wakidanganywa hawapotezi mengi. Huyu akiamka kwa manyunyu ya siku mbili, akatoka, akakuta dimbwi la wiki tatu, itakuwaje?

#10 Mfinyanzi

Mama, swali hili limenifanya nifute sura mbili. Naomba nilijibu kwa urefu.

Kwanza bei ya kuamka bure. Akiwa macho na anatembea anatumia mara tatu ya mapumziko ya kawaida, karibu kilokalori 4,000, sawa na gramu 450 za mafuta kwa siku. Wiki tatu bila chakula cha maana ni kilo 9 na zaidi. Hizo ni mafuta ya karibu mwaka mzima wa usingizi. Akidanganywa mara mbili katika kiangazi kimoja, haoni mvua ya tatu.

Radi basi haifai kuwa kengele. Nimechagua kitu kigumu kudanganya: kina cha maji. Kumbukeni tundu lake. Kuna kamba wa maji baridi wanaochimba na kujenga dohani za tope kuzunguka midomo ya mashimo yao. Mvukuto naye, kabla ya kulala, anasukuma tope juu kupitia tundu hadi linasimama kama dohani juu ya uso wa uwanda. Manyunyu hayafiki mdomo wa dohani. Ziwa halisi linafika, linamwagikia ndani, linayeyusha ute uliofunga chumba, na mnyama anaanza kutetemeka. Kamongo pia huamshwa na maji yanapofika shimoni mwake.

Hapo nikadhani nimemaliza. Kisha nikauliza: dohani iwe na urefu gani? Fupi, ya sentimita 20, itamwamsha hata kwa mafuriko madogo. Ndefu, ya sentimita 80, itamwamsha kwa mafuriko makubwa tu. Ipi bora?

Jibu ni kwamba hakuna bora. Mwaka 1966 mwanasayansi Dan Cohen alichapa hesabu kuhusu mbegu za mimea ya jangwani: mmea ambao mbegu zake zote huota mvua ya kwanza utafutika siku mvua hiyo ikikatika, na ule ambao hauotishi hata moja nao haupati kitu. Unaodumu ni ule unaootesha sehemu na kubakiza sehemu. Mivukuto wamefanya hivyo kwa dohani. Urefu unarithiwa. Kuna koo za dohani fupi na koo za dohani ndefu, zimelala bega kwa bega. Mafuriko madogo yakidumu, wa dohani fupi wanakula peke yao bila mshindani na kuzaa. Yakikatika, wanakufa, na wa dohani ndefu wanaendelea kulala bila habari. Hakuna upande unaoshinda moja kwa moja kwa sababu mvua haifuati mtindo mmoja.

Nilipofika hapa nilisimama nikatembea chumbani. Uwanda mtupu niliokuwa nauona kichwani sasa una maelfu ya dohani za urefu tofauti, na kila moja ni dau ambalo mnyama ameliweka juu ya mvua ya kesho.

#11 Bi Kereng'ende

Nimeridhika. Sasa niambie watoto wako wapi.

#12 Jani Kavu

Hapo kwenye dohani nimesoma mara mbili. Watoto, mkuu, watoto.

#13 Mfinyanzi

Watoto ndiyo donda langu. Mtoto wa kilo 20 kwa hesabu ileile anatumia kilokalori 13 kwa siku, gramu moja na nusu ya mafuta. Inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni nusu kilo na zaidi, karibu asilimia 3 ya mwili wake, wakati mama anapoteza asilimia 1. Kwa miaka saba ni moja ya tano ya mwili. Na amezaliwa juzi, hana mkia wa mafuta. Bado sijapata njia.

#14 Chembe

Nisaidie hapo, kaka. Wapo amfibia wasio na miguu waitwao sesilia, ukiwaona utadhani nyungunyungu. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza spishi moja, Boulengerula taitana, ambayo mama hunenepesha tabaka la juu la ngozi yake kwa mafuta na protini, na watoto huanguliwa wakiwa na meno maalumu ya kulikwangua. Ngozi ya mama inaota tena.

Mnyama wako tayari ana kifuko cha ute na ngozi. Mtoto alale ndani ya kifuko cha mama, na chakula chake kiwe ukuta wa ndani. Mama anabeba mafuta kwa ajili ya wawili. Gramu 28 zinakuwa 31 au 32 kwa siku ukihesabu upotevu. Kwa miaka saba ni kilo 8 hadi 10 za ziada.

Na kwa kuwa miezi mitatu haitoshi kupata mchumba, kubeba mimba na kuzaa, mpe jike uwezo wa kuhifadhi mbegu za dume. Wapo watambaazi wanaofanya hivyo kwa miaka. Ajamiiane msimu huu, azae gizani msimu umeshapita.

#15 Mfinyanzi

Chembe, Mungu akubariki. Mtoto anayezaliwa gizani, asiyejua kitu isipokuwa ladha ya ngozi ya mama na pumzi moja kila dakika 47, hadi siku maji yatakapoingia. Nilikuwa natafuta hesabu, umenipa sura ya kwanza ya kitabu.

Ina maana pia kwamba mtoto anarithi dohani ya mama mara mbili: kwa damu, na kwa kuwa ndani ya chumba kilekile.

#16 Kobe Mzee

Tugeukie chakula. Miezi mitatu kujaza mkia wenye kilo 80. Anakula nini, na ziwa linalipa?

#17 Mfinyanzi

Uduvi wa madimbwi, mzee. Mayai yao hukaa kwenye vumbi miaka mingi na huanguliwa siku chache baada ya maji. Pia konokono na samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, wa aina inayongojea kiangazi ikiwa mayai. Spishi moja yao hukomaa kwa siku 14 tu.

Kilo 80 za mafuta ni kilokalori 720,000. Gawa kwa siku 90, ni 8,000 kwa siku, ongeza 4,000 za kuishi, jumla 12,000. Uduvi mbichi nimeukadiria kilokalori moja kwa gramu, na sehemu yake haiyeyuki tumboni. Anahitaji kilo 15 hadi 18 kwa siku. Anachuja kwa ulimi unaofanya kazi kama pampu, kama flamingo, kichwa chini.

Kwa nini asile mwani moja kwa moja? Mwanaikolojia Raymond Lindeman alionyesha mwaka 1942 jinsi nishati inavyopungua kila inapopanda ngazi ya ulaji; kadirio linalotumika sana ni kwamba moja ya kumi tu ndiyo huvuka. Angekula mwani, ziwa lingebeba wengi zaidi. Lakini mwani una mafuta machache, na muda wake ni siku 90. Uduvi unamkusanyia. Kwa hiyo mivukuto ni wachache kuliko wangeweza kuwa, na hilo nimeliacha hivyo.

#18 Chembe

Angalia mavi. Viboko wa mto Mara hutia mtoni makumi ya maelfu ya kilo za mavi kila siku, na pale yanapolundikana kwenye mabwawa yaliyotuama, bakteria humaliza oksijeni ya maji. Mvua ikisukuma maji hayo kwenda chini, samaki hufa kwa wingi. Ziwa lako halina mkondo kabisa.

#19 Mfinyanzi

Hilo linaingia kama lilivyo. Mwisho wa msimu, maji yakipungua na kuwa moto, ziwa la mivukuto linanuka na samaki wa mwisho wanaelea. Ndege wanashuka kwa maelfu. Mayai ya samaki na uduvi yameshatagwa, kwa hiyo kifo hicho ni mbolea ya msimu ujao.

Lakini kitu kikubwa wanachokiacha ni mashimo. Mvukuto anapotoka anaacha shimo la mita 3 na kuba lililobomoka. Maji ya ziwa yakiisha, mashimo bado yana maji, kwa miezi, mengine kwa mwaka. Aligeta wa Marekani huchimba mabwawa kama hayo kwenye nyanda za majimaji, na kiangazi kikifika samaki, kasa na ndege hukimbilia humo. Kobe wachimbaji wa huko huko wana mashimo yanayotumiwa na spishi zaidi ya 300. Kwenye uwanda wangu, kila mti unaouona umeota kwenye shimo la zamani la mvukuto. Kila kisima cha watu pia.

Na asiyeamka? Yupo. Chumba kinakuwa kaburi, kuba linaanguka polepole, na kilo mamia za mwili zinaoza mahali pamoja. Hapo huota kichaka cha duara, kijani kuliko vyote. Wenyeji huvihesabu vichaka hivyo na kuvipa majina.

#20 Pumzi Moja

Na watu wanawala?

#21 Mfinyanzi

Wanawala, ndiyo. Kama kamongo anavyochimbuliwa kwenye tope kavu. Wanakwenda alfajiri, wanatafuta pete ya unyevu.

Wana sheria, na wanaishika kwa dhati: usichimbe dohani inayopita goti. Wanaamini ndefu ni za wazee na fupi ni za vijana, na wazee hawaguswi.

#22 Bi Kereng'ende

Lakini urefu si umri. Wewe mwenyewe umesema ni ukoo.

#23 Mfinyanzi

Ndiyo, mama.

#24 Chembe

Basi wanateua bila kujua. Huko Gorongosa, Msumbiji, wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 tembo waliuawa kwa ajili ya pembe. Kabla ya vita, majike waliozaliwa bila pembe walikuwa chini ya moja kwa tano. Baada ya vita walikuwa karibu nusu, na binti zao wengi wakarithi. Hakuna aliyekusudia. Risasi ziliwachagulia.

Watu wako wanachimba dohani fupi kizazi baada ya kizazi. Zitabaki ndefu tupu.

#25 Kobe Mzee

Na zikibaki ndefu tupu, mafuriko madogo hayamwamshi yeyote. Asipoamka mtu, hakuna shimo jipya. Yale ya zamani yanajaa mchanga. Miaka ya mvua haba, ambayo ndiyo mingi, uwanda hautakuwa na kisima hata kimoja.

#26 Mfinyanzi

Nimekaa na majibu haya siku mbili. Hadithi niliyokuwa nayo ilikuwa na vita na mfalme. Nimeiweka kando.

Sasa kuna msichana ambaye bibi yake alichimbua mivukuto maisha yake yote na hakuvunja sheria hata mara moja. Mvua ndogo imenyesha, maji yamesimama muundini uwanda mzima, na watu wametega masikio chini kusubiri tetemeko. Mitungi imetulia. Siku ya tano msichana anatembea peke yake ndani ya maji akipima dohani kwa shubiri, moja baada ya nyingine. Zote zinampita kiuno. Jua linapokaribia kuzama anaipata moja ya shubiri moja tu, maji yanaingia ndani yake taratibu. Anapiga magoti, anaweka kiganja juu ya tope, anahesabu dakika.

Niko kwenye dakika ya 30. Nikimaliza sura nitaileta hapa.